Mlango Uliofungwa kwa Ufunguo

Mwenye kiwanda ana haki ya kulinda mali yake. Lakini, je, ni halali kuilinda kwa kuhatarisha uhai wa wafanyakazi? Habari za wasichana wa New York, katika Marekani, zatoa jibu.

Mwanzoni mwa karne ya 20, maelfu ya wasichana walishona nguo katika viwanda vya mji ule. Wengi walikuwa Wayahudi na Waitalia, waliovuka bahari pamoja na jamaa zao. Matajiri wengine waliwakata mshahara hata kwa ajili ya sindano. Mnamo Novemba 1909, wafanyakazi zaidi ya 20,000, wengi wao wasichana, waliacha kazi wakidai ujira wa haki. Matajiri wengi walikubali kupatana na chama chao. Wale wa kiwanda cha Triangle walikataa.

Kiwanda hicho kilikuwa katika orofa tatu za juu za nyumba yenye orofa 10. Jioni wafanyakazi walitoka kwa mlango mmoja tu, ili mikoba yao ikaguliwe. Mlango wa pili ulifungwa kwa ufunguo. Jumamosi, 25 Machi 1911, karibu na saa ya kutoka, moto ulishika vipande vya nguo katika orofa ya 8. Matajiri walikimbilia paani wakaokoka. Watu wa orofa ya 9 hawakuonywa. Waliukimbilia mlango wa pili, wasiweze kuufungua. Ngazi za wazima moto hazikuwafikia. Walikufa watu 146, na 123 kati yao walikuwa wanawake na wasichana. Wadogo kabisa walikuwa na miaka 14.

Barazani tajiri mmoja aliulizwa thamani ya vitu alivyoibiwa. Alikiri kwamba haikupita dola 25. Matajiri wote wawili waliachiliwa Desemba 1911. Hata hivyo watu walikwisha amka: tume ilichungua viwanda, na sheria mpya zikatungwa.

Miaka 20 kabla ya moto ule, katika waraka Rerum Novarum wa 1891, Papa Leo XIII alikuwa amekwisha fundisha kwamba ni aibu kumtumia mtu kama chombo cha kuchumia faida.

MASWALI

1. Mlango ulifungwa kwa nini?
Kwa kuogopa wizi wa vitu vidogo.

2. Je, tajiri aweza kulinda mali yake?
Aweza, lakini uhai wa mtu hutangulia mali.

3. Je, wasichana walikosa kwa kudai haki yao?
Hawakukosa, ujira wa haki ni deni, si sadaka.