Zakayo Arudisha Mali ya Watu

Katika nchi ya Yudea kuna mji uitwao Yeriko. Mji huu uko bondeni, karibu na mto Yordani. Bonde hilo ni la chini sana: mji uko mita 250 hivi chini ya usawa wa bahari. Jua lake ni kali, lakini iko chemchemi ya maji mengi, na kwa hiyo mitende na miti ya matunda yasitawi. Zamani wafanya biashara wengi walipita pale na mizigo yao, wakipanda njia ya kwenda Yeruzalemu.

Tangu mwaka 6 Yudea ilitawaliwa na Waroma. Waroma walidai ushuru kwa mali ya watu, na baadhi ya wenyeji walikubali kuwa watoza ushuru. Mtoza ushuru alipaswa kuwapa Waroma fedha waliyoitaka. Kama alitoza zaidi, kile kilichozidi kiliingia mfukoni mwake. Maskini angemshitaki kwa nani? Nyuma ya mtoza ushuru walikuwako askari. Ndiyo sababu watu waliwachukia watoza ushuru, wakawahesabu kuwa wevi.

Mkubwa wa watoza ushuru wa Yeriko aliitwa Zakayo. Katika lugha ya Kiebrania jina hilo maana yake ni “aliye safi”. Lakini watu hawakumwona kuwa safi hata kidogo. Alikuwa tajiri, nao walijua utajiri wake umetoka wapi.

Karibu mwaka 30, Yezu alipita Yeriko akienda Yeruzalemu. Habari hii imeandikwa katika Evanjili ya Luka mtakatifu, sura ya 19. Zakayo alitaka kumwona Yezu, lakini alikuwa mfupi, na watu walikuwa wengi. Nani angempa nafasi? Basi akakimbia mbele, akapanda mkuyu. Mkuyu ni mti unaoota pia katika nchi nyingi za Afrika. Matawi yake huanza chini, na watoto hupenda kuupanda. Tajiri huyu akapanda kama mtoto mchunga mbuzi, wala hakuona haya.

Yezu alipofika chini ya mti, akasimama, akatazama juu. Akamwita Zakayo kwa jina lake, akamwambia ashuke upesi, kwa kuwa siku ile alitaka kukaa nyumbani mwake. Zakayo akashuka kwa furaha, akamkaribisha. Lakini watu wakanung’unika: Mbona ameingia kwa mtu mwenye dhambi?

Ndipo Zakayo akasimama mbele ya Bwana, akatoa ahadi mbili: atawapa maskini nusu ya mali yake, na kama amemdhulumu mtu, atamrudishia mara nne. Yezu akasema kwamba siku ile wokovu umefika katika nyumba ile.

Mungu hutangulia

Tuangalie vema jinsi mambo haya yalivyofuatana. Zakayo alikuwa hajarudisha kitu bado. Fedha ya watu ilikuwa ingali sandukuni mwake. Hata hivyo Yezu alimwita, akaingia nyumbani mwake. Basi Zakayo hakununua msamaha. Msamaha wa Mungu haununuliwi, hata kwa dhahabu. Mungu hutangulia kumtafuta mwenye dhambi, kama mchungaji amtafutavyo kondoo aliyepotea.

Lakini tuangalie pia jambo la pili. Zakayo alipopokea urafiki wa Yezu, hakuweza tena kulala na mali ya watu. Mkono uliokuwa umezoea kuchukua ukaanza kurudisha. Hapo ndipo tunapojua kwamba moyo wake umegeuka kweli.

Zakayo alitoa kiasi gani?

Sheria ya Musa ilisema: mwivi aliyechinja au kuuza kondoo wa mtu atalipa kondoo 4 kwa mmoja, na kwa ng’ombe mmoja atalipa ng’ombe 5. Lakini mtu aliyeungama mwenyewe kosa lake alipunguziwa. Alirudisha kitu chenyewe, na kuongeza sehemu moja ya tano.

Tufanye hesabu. Mtu aliyedhulumu faranga 100, kisha akaungama mwenyewe, alipaswa kurudisha 100 na 20, yaani faranga 120. Zakayo aliungama mwenyewe, lakini aliahidi kurudisha faranga 400 kwa kila 100. Alijihukumu kama mwivi aliyekamatwa. Mwenye majuto ya kweli hatafuti njia ya kutoa kidogo.

Mfano wa mtoto na kuku

Tuchukue mfano. Mtoto mmoja alimwiba kuku wa bibi mzee, jirani yao. Akamwuza sokoni, akanunua mandazi, akala. Bibi yule alikuwa na kuku huyo mmoja tu. Kwa mayai yake alipata chumvi na sabuni. Watu wakamshuku mtoto mwingine, yatima, kwa kuwa alionekana karibu na kibanda cha kuku. Bibi akampiga kwa fimbo, na watoto wote wakamwita mwivi. Mwivi wa kweli akanyamaza.

Lakini moyo wake haukutulia. Siku ya Jumamosi, kabla ya kwenda kuungama, akamwendea katekista.

“Baba katekista, mtu akiungama wizi wake, Mungu atamsamehe?”

“Ndiyo, mwanangu, akijuta kweli. Hakuna dhambi inayoshinda huruma ya Mungu.”

“Basi neno limekwisha?”

“Dhambi itaondolewa. Lakini mwenye kitu, je, atapata kitu chake?”

Mtoto akatazama chini. Kisha akamweleza yote.

“Na yule yatima,” akasema katekista, “nani atamrudishia jina lake?”

“Baba, naogopa. Watanipiga.”

“Yawezekana. Mwenzako amekwisha kupigwa, naye hakuiba.”

“Wala sina hata faranga moja.”

“Lakini una mikono.”

Mtoto akaenda kanisani, akaungama. Jioni akamwendea bibi, akapiga magoti mbele ya majirani.

“Bibi, nisamehe. Mimi ndiye niliyemwiba kuku wako. Yule mwenzangu hana kosa. Nitakuchotea maji na kukuletea kuni mpaka bei ya kuku itimie.”

Bibi akakaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema: “Mjukuu wangu, utayachota maji hayo, kwa kuwa ni haki. Lakini mimi nami nilimpiga mtoto asiye na kosa. Simama, twende kwake sisi wawili.”

Wakaenda pamoja, wakamwomba yatima msamaha.

Namna ya kurudi kwa Mungu

Katika Sakramenti ya Kitubio Yezu atusamehe kwa njia ya padri. Anayetaka kuipokea vema afanye mambo 5:

1. Atafute dhambi zake moyoni.
2. Ajute kwa sababu amemchukiza Mungu aliye mwema.
3. Akusudie kutozitenda tena.
4. Aziungame kwa padri bila kuficha dhambi kubwa.
5. Atimize kitubio alichopewa.

Na aliyechukua mali ya mtu akusudie kuirudisha. Padri amsamehe dhambi kwa jina la Mungu, lakini hawezi kumpa ruhusa ya kukaa na kitu cha mwenziwe. Asiyeweza kulipa mara moja, alipe kidogo kidogo. Mwenye mali akiwa amekufa, warithi wake wapewe. Asipopatikana mtu, maskini wapewe. Anayeona haya anaweza kurudisha kwa siri. Anaweza pia kumwomba padri shauri. Padri hatangazi kamwe neno aliloambiwa katika maungamo, hata akitishwa kuuawa.

Aliyemsingizia mwenziwe naye ana deni. Jina jema la mtu ni mali yake, nalo lapita kuku na faranga. Aliyelichafua mbele ya watu alisafishe mbele ya watu.

Tukumbuke

Mwenye dhambi asikate tamaa, kwa maana Yezu amjua kwa jina, naye asimama chini ya mti akimngoja. Lakini asidhani kwamba machozi peke yake yatosha. Majuto ya kweli huanza moyoni, hutoka kwa kinywa, na hufika mpaka mikononi.

Maswali

1. Kwa nini watu wa Yeriko waliwachukia watoza ushuru?
2. Yezu aliingia nyumbani mwa Zakayo kabla au baada ya Zakayo kuahidi kurudisha mali? Jambo hilo latufundisha nini?
3. Mtu alidhulumu faranga 50, akaungama mwenyewe. Kwa Sheria ya Musa alipaswa kurudisha ngapi? Kwa kipimo cha Zakayo, ngapi?
4. Mtoto aliyeiba kuku alikuwa na madeni mawili. Yataje.
5. Bibi naye alikosa nini, na alifanya nini?
6. Je, iko nyumbani mwako au mfukoni mwako mali ya mtu mwingine? Usijibu kwa sauti. Jibu kwa mikono yako.