SOMO LA KUMI NA MBILI: KOMPYUTA INAYOCHELEWA KUWAKA

Je, umepata kuona moto wa kuni ukikataa kuwaka asubuhi? Mtu mwenye busara hasemi kwamba jiko limezeeka. Hutazama kama kuni ni mbichi, kama majivu yamejaa, na kama hewa inapita. Akiipata sababu, huiondoa, na moto huwaka.

Katika somo hili utajifunza kufanya vivyo hivyo kwa kompyuta ya nyumbani inayochukua muda mrefu kuwaka. Utajifunza kutafuta chanzo kabla ya kutumia fedha, na kulinda kazi iliyomo ndani kabla ya kugusa jambo lolote.

Mfano wetu

Tuseme unaishi Ilemba, katika wilaya ya Sumbawanga, mkoa wa Rukwa. Nyumbani kwenu mna kompyuta mpakato. Mama yako ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, na hesabu za akiba za wanakikundi wote zimo ndani ya kompyuta hiyo. Hapo awali iliwaka kwa muda wa dakika 1 hivi. Siku hizi inachukua dakika nyingi, na wanakikundi husubiri barazani.

Jirani mmoja ashauri kwamba kila kitu kifutwe, kisha programu ziwekwe upya. Jirani mwingine ashauri kwamba inunuliwe kompyuta nyingine. Ushauri wa kwanza waweza kupoteza hesabu za watu. Ushauri wa pili waweza kupoteza fedha bila sababu. Wote wawili hawajauliza swali ambalo mwanasayansi huanza nalo: Kwa nini inachelewa?

A. Kompyuta hufanya nini inapowashwa

Ndani ya kompyuta mna sehemu tatu ambazo yakupasa kuzifahamu.

*Prosesa* ndiyo inayofanya kazi ya kuhesabu na kutekeleza maagizo. Ni kama mwanafunzi anayeandika.

*Kumbukumbu ya muda* ni mahali ambapo kazi inayofanywa sasa huwekwa. Ni kama deski la mwanafunzi. Kompyuta ikizimwa, deski hili hubaki tupu.

*Diski* ni ghala. Hutunza programu na mafaili hata umeme usipokuwepo. Ziko diski za aina mbili. Aina ya kwanza ina sahani inayozunguka. Katika kompyuta mpakato nyingi sahani hiyo huzunguka mara 5,400 kwa dakika moja, yaani mara 90 kwa sekunde moja. Aina ya pili haina sehemu yoyote inayozunguka, nayo husoma kwa kasi kubwa zaidi.

Unapobonyeza kitufe cha kuwashia, mambo manne hufuatana:

1. Programu ndogo iliyomo katika kompyuta hukagua viungo vyake: kumbukumbu, kibodi, diski na vinginevyo. Ni kama mwalimu wa zamu anayeita majina.
2. Kompyuta hutafuta mahali ilipo programu endeshi, ambayo ndiyo husimamia kazi zote.
3. Programu endeshi husomwa kutoka katika diski na kuwekwa katika kumbukumbu ya muda.
4. Programu nyingine, zilizoagizwa kuanza zenyewe, nazo huanza moja baada ya nyingine.

Sasa tazama kwa makini mahali inapochelewa. Ikichelewa wakati jina la kiwanda tu ndilo linaloonekana, shaka iko katika hatua ya 1 au ya 2. Ikichelewa wakati duara linazunguka kabla ya kukuomba neno la siri, shaka iko katika hatua ya 3. Ikiwa umekwisha kuingia lakini kishale cha kipanya kinasitasita na programu hazifunguki, shaka iko katika hatua ya 4. Kwa kutazama tu, bila kugusa kitu, umekwisha kupunguza eneo la kutafuta.

B. Kabla ya kuanza: linda kazi iliyomo

Mkulima haanzi kukarabati ghala kabla ya kuhamisha mahindi. Wewe nawe usianze kutengeneza kompyuta kabla ya kunakili mafaili.

Omba ruhusa kwanza. Sema, "Mama, naomba tunakili hesabu za kikundi kabla hatujajaribu jambo lolote." Nakili mafaili katika flashi. Kisha fungua nakala hiyo katika kompyuta nyingine, kwa mfano ya shuleni, na mama yako awepo, uhakikishe kwamba inasomeka. Nakala ambayo haijafunguliwa si nakala ya kutegemewa. Flashi irudishwe kwa mama, kwa kuwa hesabu za watu ni amana.

C. Kupima muda

Vifaa: saa yenye mshale wa sekunde au simu, daftari, na kalamu.

Fanya hivi:

(a) Zima kompyuta kwa njia ya kawaida. Usiizime kwa kukata umeme. Kompyuta iliyozimwa ghafula yaweza kuanza kwa kukagua diski yake yote, na ukaguzi huo huchukua muda.

(b) Hakikisha betri imejaa au kompyuta imeunganishwa na umeme. Betri ikikaribia kwisha, kompyuta nyingi hupunguza kasi ili kuokoa umeme. Nyumba zinazotumia umeme wa jua zizingatie jambo hili.

(c) Bonyeza kitufe na uanze kuhesabu muda. Acha kuhesabu pale unapoweza kufungua ukurasa na kuandika jina lako.

(d) Rudia mara tatu, kwa namna ile ile, kisha tafuta wastani.

Tuseme umepata dakika 9, dakika 8 na dakika 10. Jumla ni dakika 27. Gawanya kwa 3. Wastani ni dakika 9. Namba hii ndiyo kipimo chako cha kwanza. Bila kipimo hutajua kama umeponya ugonjwa au umejifariji tu.

D. Majaribio

Kanuni ni hii: badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha pima tena. Ukibadilisha mambo matatu kwa pamoja na kompyuta ikapona, hutajua lililoiponya. Anza na jambo lisilogharimu kitu.

*Jaribio la 1: Vitu vilivyochomekwa.* Zima kompyuta. Ondoa flashi, printa na waya zote isipokuwa ule wa umeme. Washa na upime. Kompyuta nyingine, ikikuta flashi, hujaribu kutafuta programu endeshi ndani yake. Huko haiipati, na muda hupotea. Tazama pia tarehe na saa ya kompyuta. Ikiwa imerudi nyuma miaka mingi, betri ndogo ya saa, ambayo mara nyingi ni ya volti 3, yaweza kuwa imekwisha.

*Jaribio la 2: Programu zinazoanza zenyewe.* Katika kompyuta zinazotumia Windows, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, kisha ufungue sehemu iliyoandikwa Startup. Utaona orodha ya programu zinazoanza bila kuitwa. Ni kama paredi ya asubuhi ambapo kila mwanafunzi adai kusalimia wenzake wote kabla ya masomo kuanza. Zuia zile ambazo hazihitajiki, kama za michezo na muziki. Kuzizuia si kuzifuta. Utaweza kuzifungua wakati wowote. Usizuie programu ya kukinga virusi, wala programu usiyoifahamu kazi yake kabla ya kuuliza. Pima tena.

*Jaribio la 3: Nafasi katika diski.* Tazama ni kiasi gani cha diski kimejaa. Ghala lililojaa hadi mlangoni halina mahali pa kupita. Hamishia filamu na picha zisizotumika katika flashi nyingine, mpaka ipatikane nafasi ya kutosha, walau sehemu moja ya kumi ya diski yote. Usifute faili la mtu bila ruhusa yake. Pima tena.

*Jaribio la 4: Joto na vumbi.* Prosesa ikipata joto kali hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue. Kompyuta hupoozwa na feni ndogo inayovuta hewa, na pamoja na hewa huvuta vumbi.

Hapa mahali tunapoishi pana maana. Mji wa Sumbawanga uko juu ya nyanda za Ufipa, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Ilemba iko chini ya milima ya Lyamba lya Mfipa, katika bonde la Ziwa Rukwa, na ziwa hilo liko katika kimo cha mita 800 hivi. Kwa kawaida hewa hupoa kwa kiasi cha nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hiyo kompyuta iliyo bondeni huanza kazi katika hewa yenye joto zaidi kuliko ile iliyo Sumbawanga mjini.

Zima kompyuta na uchomoe waya wa umeme. Kwa brashi laini na kavu, ondoa vumbi katika matundu ya hewa. Usitumie maji. Iweke juu ya meza, wala si juu ya godoro au kitenge kinachoziba matundu. Pima tena.

*Jaribio la 5: Sikiliza.* Weka sikio karibu na kompyuta inapowaka. Mvumo mwororo ni sauti ya feni au ya sahani inayozunguka. Lakini ukisikia mgongo wa ka, ka, ka unaojirudia, au mkwaruzo, zima kompyuta. Huenda diski inakufa. Hapa majaribio yako yamefika mwisho. Kazi inayobaki ni ya fundi.

*Onyo.* Usifungue kompyuta wala kifaa chake cha kuchajia. Umeme wa nyumbani ni wa volti 230, nao huua.

E. Kusoma matokeo

Tuseme daftari lako lina jedwali kama hili:

| Jambo lililofanywa | Wastani wa muda |
|---|---|
| Kabla ya jaribio lolote | dakika 9 |
| Kuondoa flashi na printa | dakika 9 |
| Kuzuia programu 6 | dakika 6 |
| Kuongeza nafasi katika diski | dakika 6 |
| Kuondoa vumbi | dakika 5 |
| Kusikiliza | mgongo wa ka, ka, ka |

Tazama jaribio la 1. Muda haukubadilika. Je, jaribio hilo lilikuwa bure? La. Limetuonyesha kwamba sababu haikuwa flashi wala printa. Katika sayansi, kujua lisilokuwa chanzo ni maarifa pia.

Jaribio la 2 na la 4 yalipunguza muda, lakini dakika 5 zilibaki. Sauti ya jaribio la 5 yaeleza kwa nini: diski hurudia kusoma mahali palipoharibika, na programu endeshi husubiri. Sasa ufikirie ule ushauri wa jirani wa kufuta kila kitu. Usingaliponya diski mbovu, na hesabu za wanakikundi zingalipotea. Kwa kuwa mlinakili kwanza, fundi aweza kuondoa diski ile na kuweka isiyozunguka, kisha hesabu zikarudishwa. Kompyuta yenye diski ya namna hiyo, ikiwa nzima, kwa kawaida huwaka kwa muda usiozidi dakika 1.

F. Zamani na sasa

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Nyakati zile kompyuta ilikuwa mali ya ofisi kubwa, ikitunzwa na wataalamu. Marufuku hayo yamekwisha kuondolewa, na leo kompyuta imo nyumbani, mahali ambapo huenda pasiwe na fundi wa karibu. Anayeiona kila siku ni wewe.

Kompyuta ikihitaji kupelekwa mjini, izime kabisa kabla ya safari, kwa kuwa diski inayozunguka huumizwa na mtikisiko wa barabara. Pamoja nayo mpelekee fundi jedwali lako. Mgonjwa anayejua kueleza maumivu yalikoanzia hutibiwa mapema.

Mambo ya kukumbuka

1. Uchelewaji una chanzo. Umri peke yake si jibu.
2. Nakili kwanza, tengeneza baadaye.
3. Pima kabla na baada ya kila jaribio.
4. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja.
5. Jua mahali pa kuachia kazi kwa fundi.

Maswali

1. Taja hatua nne zinazofuatana kompyuta inapowashwa.
2. Kwa nini diski inafananishwa na ghala, na kumbukumbu ya muda na deski?
3. Sahani ya diski huzunguka mara 7,200 kwa dakika. Je, huzunguka mara ngapi kwa sekunde moja?
4. Mwanafunzi aliondoa vumbi, akazuia programu 4 na kufuta filamu zake kwa siku moja. Kompyuta ikawaka upesi. Ni jambo gani ambalo hawezi kulijua? Eleza.
5. Kompyuta ya jirani yako huchelewa wakati jina la kiwanda linaonekana. Utaanza na jaribio lipi? Toa sababu.

Kazi ya kufanya

Chagua chombo kimoja cha nyumbani kinachosumbua kuanza kazi, kama redio, tochi au pampu ya baiskeli. Andika sababu tatu unazozidhania. Zipange kuanzia ile iliyo rahisi kuchunguzwa. Chunguza moja baada ya nyingine, uandike uliyoyaona, kisha uwasomee wenzako darasani.