Alizeti Mwitu

Katika nchi ya Ubundu na Kisangani, kando ya njia na katika mashamba yaliyoachwa, huota mmea mrefu wenye maua ya manjano. Watoto huchuma maua yake kwa kuchezea. Watu wazima huufyeka kwa panga, huuacha ukauke, kisha huuchoma moto. Jina lake ni alizeti mwitu, na wataalamu huuita Tithonia diversifolia. Wengi husema ni magugu tu. Basi, watoto, utazameni vizuri kabla ya kuuhukumu.

Ua moja au maua mengi?

Chumeni ua moja, mlishike mkononi. Ukingoni mtaona vipande virefu vya manjano, kama kumi au zaidi. Katikati pana kitu cha mviringo, mfano wa kifungo kikubwa. Kipasueni kwa ukucha. Ndani mna vibomba vingi vyembamba, vimesimama karibu karibu. Kila kibomba ni ua kamili, na kila kimoja chaweza kuzaa mbegu moja. Hata kila kipande cha ukingoni ni ua, lakini hilo halizai. Kazi yake ni kuwaita nyuki na vipepeo kwa rangi yake.

Kumbe, mkononi hamna ua moja, bali kijiji kizima cha maua! Mimea ya jamii hii imejengwa hivyo: alizeti ya mafuta, saladi ya bustanini, na pareto inayolimwa katika milima ya Kivu.

Mgeni asiyekufa upesi

Asili ya alizeti mwitu ni Meksiko na Amerika ya Kati. Watu waliuleta Afrika ili kupamba bustani, nao ukatoroka bustanini. Hupita kimo cha mtu, na mara nyingi hufika meta mbili au tatu. Alizeti ya mafuta hufa baada ya kuzaa mara moja, lakini hii ya mwitu huishi miaka mingi. Ukiikata, huchipuka tena. Kipande cha shina kikiachwa penye udongo wenye maji, huota mizizi. Mbegu zake ni nyepesi, nazo huchukuliwa na upepo na maji.

Chakula cha udongo

Mama anapofyeka msitu na kulima, mwaka wa kwanza huvuna vizuri. Baada ya miaka miwili au mitatu mihogo na mahindi hudhoofika, maana mazao na mvua kubwa vimeondoa chakula cha udongo. Ndipo humbidi kufyeka msitu mwingine, mbali zaidi. Kila mara safari ya kubeba kikapu huwa ndefu, na msitu hupungua.

Mimea huhitaji hasa vyakula vitatu: nitrojeni kwa kukuza majani, fosfori kwa mizizi na mbegu, na potasi kwa nguvu ya mmea. Kilo 100 za majani makavu ya alizeti mwitu zina karibu kilo 3 na nusu za nitrojeni, kilo 4 za potasi, na fosfori chini ya nusu kilo. Mtu akiyachoma, potasi hubaki katika majivu, lakini nitrojeni karibu yote huenda na moshi. Amechoma chakula cha shamba lake!

Katika miaka ya 1990 wakulima na watafiti wa magharibi mwa Kenya waliyafukia majani hayo katika mashamba ya mahindi yaliyochoka, na mavuno yakaongezeka.

Namna ya kuyatumia

Kateni majani na vitawi laini kabla mbegu hazijakomaa. Acheni mashina magumu, yasije yakaota shambani. Yakatekateni majani, yafukieni udongoni, ngojeni yapate wiki moja au zaidi, kisha pandeni. Huoza upesi.

Lakini kumbukeni mambo mawili. Kwanza, majani mabichi ni maji mengi: vikapu vitano vyaweza kuwa kimoja yakikauka. Pili, mmea huu hauumbi chakula hicho; huutoa katika udongo unapoota. Kwa hiyo majani huchukuliwa njiani na kupelekwa shambani, wala haufai kupandwa katikati ya mazao, maana utayashinda.

Jaribuni wenyewe

Pandeni mistari miwili ya mahindi siku moja. Mmoja uwe na majani yaliyofukiwa, wa pili usiwe nayo. Pimeni urefu kila wiki na kuandika. Mkimwonyesha mama mistari hiyo, macho yake yatamfundisha kuliko maneno mengi.

Maswali

1. Kwa nini alizeti mwitu yaitwa kijiji cha maua?
2. Vipande vya ukingoni vina kazi gani?
3. Moto huondoa chakula gani katika majani?
4. Kwa nini mashina magumu hayafukiwi shambani?
5. Taja mimea mitatu ya jamii hii.