SOMO: Tupande mto pamoja kabla ya kulaumiana



Lengo la somo hili ni kuonyesha namna kuchunguza maji kunavyoweza kupunguza ugomvi kati ya wakimbizi wa ndani na wenyeji.

Mfano kutoka ng'ambo

Kuanzia mwaka 1998, wanafunzi wa Marekani walisafiri hadi Kigoma, Tanzania, wakajifunza pamoja na wenzao wa nchi zinazolizunguka ziwa letu Tanganyika. Masomo hayo yaliitwa Nyanza Project, chini ya Chuo Kikuu cha Arizona. Kati ya mambo waliyochunguza ni tope linaloletwa na mito.

Mafunzo ni haya. Miti ikikatwa mlimani, mvua inakokota udongo hadi ziwani. Tope linafunika mawe ya pwani. Mimea midogo inayoota juu ya mawe inakosa mwanga, na konokono na samaki wanaoila wanakosa chakula. Hivyo mvuvi anaumizwa na shoka la mlimani, hata kama hajamwona mwenye shoka.

Kwetu Kalemie

Mapigano ya mwaka 2016 na 2017 yalifukuza familia nyingi vijijini. Mkimbizi anahitaji kuni na shamba. Mwenyeji naye analima na kuchoma makala. Maji yakichafuka, ni rahisi kila upande kunyooshea mwingine kidole. Tufanye hivi:

1. Chagueni watu wawili wa kila upande, mwanamke na mwanaume.
2. Siku moja baada ya mvua, wapande mto pamoja, wachote maji mahali patatu kwa chupa zinazoonyesha ndani.
3. Chupa zitulie hadi kesho, kisha mlinganishe tope lililoshuka chini.
4. Pale tope linapozidi ndipo kazi ianze: kupanda miti na kuacha majani yaote kando ya mto.

Angalisho: chupa haionyeshi kipindupindu. Maji yanayong'aa yanaweza kubeba vijidudu. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini, na vyoo viwe mbali na mto.

Maswali ya kujadili

- Nani anakaa juu yetu mtoni, na nani yuko chini?
- Tumewahi kuwauliza wanahitaji nini?
- Tukizuia watu kukata miti, kuni watapata wapi?

Swali la mwisho lijibiwe na pande zote mbili, wakikaa pamoja.