Somo la Robo Hii: Siku Moja Ziwa Natron



Mara nyingi tunapoibua miradi tunaanza kwa kuuliza ardhi inafaa nini. Ziara yetu ya Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania karibu na mpaka wa Kenya, imetufundisha kuuliza vizuri zaidi.

Tulilala kijiji cha Engaresero, chini ya mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai. Saa kumi na moja alfajiri tuliondoka na kijana wa Kimasai, mwongozaji wetu. Alitupa masharti matatu: kila mtu abebe maji yake, avae viatu vya kufunika mguu, na akanyage pale alipokanyaga yeye. "Mama, hilo ganda jeupe linadanganya," aliniambia. "Chini yake ni tope, na hayo maji yanachoma."

Mzee mmoja wa kamati alitazama huku na huku. Hakuna shamba, na ng'ombe hawawezi kunywa maji yale. Akauliza, "Mwanangu, ardhi hii inafaa nini?" Kijana akanyoosha fimbo kuelekea mstari wa rangi ya waridi, mbali ziwani.

Ziwa linavyofanya kazi

Natron lina urefu wa kilomita zipatazo 57, lakini kina chake hakifiki mita 3. Mto Ewaso Ng'iro wa Kusini, unaotoka Kenya, pamoja na chemchemi za maji moto, huleta madini kutoka miamba ya volkano. Maji hayana pa kutokea. Jua kali huyakausha, magadi hubaki. Ndiyo sababu maji ni makali, na mahali pengine yana wekundu unaoletwa na vijidudu vinavyostawi kwenye chumvi.

Mstari ule wa waridi ulikuwa heroe wadogo, ambao wengi tunawaita flamingo. Hula mwani mdogo mno unaoota katika maji ya magadi. Hujenga viota vya tope kama vichuguu vidogo, na kila jike hutaga yai moja. Inakadiriwa kuwa robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huzaliwa hapa. Fisi na mbweha hawapiti kwa urahisi katika tope na maji yale. Yaani ukali unaomfukuza mkulima ndio unaomlinda kinda. Kwa sababu hiyo mwongozaji hakutusogeza karibu, ingawa wenye kamera walimsihi.

Mradi uliozua mjadala

Mwaka 2001 eneo hili liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mwaka 2006 Shirika la Taifa la Maendeleo (NDC) na kampuni ya Tata Chemicals walikuwa na mpango wa kiwanda cha kuzalisha tani 500,000 za magadi kwa mwaka. Magadi yana faida: hutengeneza kioo na sabuni, na Ziwa Magadi upande wa Kenya limechimbwa kwa zaidi ya miaka 100. Ajira nazo zinahitajika. Lakini wadau wa mazingira walihoji: maji yakibadilika, ndege watazalia wapi? Mwaka 2008 Tata walijitoa, na baadaye NDC ilielekeza mipango yake Engaruka, kusini mwa ziwa.

Nyayo

Kabla ya jua la mchana tulipelekwa kuona nyayo za binadamu, zaidi ya 400, zilizogandishwa katika majivu ya volkano kati ya miaka 19,000 na 5,000 iliyopita. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kundi la watu 17 waliotembea pamoja, wengi wao wanawake. Aliyeziona kwanza hakuwa mtaalamu. Alikuwa mwanakijiji.

Tulipofika kwenye gari yule mzee alisema, "Swali langu halikuwa zuri. Ningeanza kwa kuuliza nani tayari anaishi hapa, na anaishi kwa nini." Kisha akamkabidhi kijana ada yake mkononi na kumshukuru.

Ya kuzingatia mnapopeleka wageni

1. Tumieni mwongozaji wa kijiji hicho, na kubalianeni malipo kabla ya kuondoka.
2. Lipeni ada za kijiji na mageti, mkidai stakabadhi.
3. Anzeni alfajiri. Mchana joto linaweza kufika nyuzi 40.
4. Picha isiwe sababu ya kuwasogelea ndege.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Ni eneo gani katika usharika wetu tunaloliita "tupu"? Nani au nini kinalitegemea?
2. Katika mradi wetu wa mwisho, ni nani aliyelijua eneo kuliko sisi? Tulimuuliza kabla ya kuandika andiko la mradi, au baada?