Dada, x² kwa x² si Zinakatana Zinaisha?

Mdogo wangu wa Chidya, barua yako nimeisoma na nimecheka, ila si kwa kukudharau. Umeandika 3x² × 4x³ = 12x⁶, na chini yake x² ÷ x² = 0. Makosa yote mawili niliyafanya mimi nikiwa kidato cha pili, tena ubaoni, darasa zima likinitazama.

La kwanza ni jepesi. Kipeo kinakuambia x ziko ngapi, basi. Zitandaze: x × x, halafu x × x × x. Hesabu kwa kidole, ni tano. Namba za mbele ndizo unazozidisha, 3 kwa 4, kwa hiyo jibu ni 12x⁵. Ukikariri "vipeo vinajumlishwa" bila kuziona hizo x tano, siku ya mtihani utazidisha tena. Na ukikutana na 3x² + 4x³, iache ilivyo. Hapo hapaunganiki kitu.

La pili ndilo linalotutaka tukae chini, na afadhali wewe unatoka kwenye mikorosho. Wataalamu wanashauri mita 12 kati ya mti na mti, kila upande, yaani kila mkorosho una mraba wake wa mita za mraba 144. Nafasi hiyo ya mti na mti tuiite x, mti mmoja uchukue x². Babu ana shamba la urefu 10x na upana 8x. Eneo lake ni 80x². Lina miti mingapi?

80x² ÷ x². Kwa hesabu yako ya sifuri, babu hana hata mkorosho mmoja. Kamwambie hivyo msimu wa kuokota korosho uone! Miti ni 80. x² inaingia ndani ya x² mara moja, kwa hiyo inayobaki ni 1. Ukigawanya, vipeo vinatoana, 2 − 2 ni 0, na ndiyo maana x⁰ ni 1 (mradi x si sifuri). Huamini? Weka 12: shamba ni mita 120 kwa 96, eneo 11,520, gawanya kwa 144. Weka 10 ujaribu tena. Ni 80 tu. (Mche uupande katikati ya mraba wake. Ukianzia mpakani idadi itabadilika, na jirani atakuja na panga.)

Herufi zikiwa mbili, kila moja na hesabu yake: 20a³b ÷ 5ab ni 4a². Ile b haikuacha sifuri, imeacha 1. Zikizidi za chini, kama 6x² ÷ 2x⁵, zinazobaki zinakaa chini: 3/x³, au 3x⁻³.

Sasa nifanyie (3x²)². Usinitumie jibu tupu. Nataka nizione x zote zimepangwa mstari.