Rasi 'l-Ghuli yuko Tandika, msimulizi yuko wapi?



Miezi michache iliyopita, kijana mmoja katika madrasa ninayosomesha hapa Tandika, wilaya ya Temeke, aliniuliza swali ambalo sikulipenda. Ilikuwa baada ya Asri, tukiwa katikati ya somo la sira, nami nimefika mahali pa kueleza ushujaa wa Sayyidna Ali (r.a.) siku ya Khaybar. Kijana akanyoosha mkono: “Ustadh, eti Ras al Ghul naye ni Mwarabu? Alikuwepo zama hizo?”

Wenzake wakaangua kicheko. Nilijua jina hilo limetoka kwenye filamu za Batman, yule Mmarekani anayevaa kama popo. Nikamwambia anachanganya dini na upuuzi wa sinema. Nikamtoa nje, akasimama juani mpaka darasa lilipokwisha.

Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja. Wiki ya pili nikakutana na mama yake sokoni, naye akanishukuru sana kwa kumsomeshea mwanawe. Alisema kila alasiri mtoto anatoka nyumbani na juzuu yake mkononi, hakosi hata siku moja. Nilinyamaza kwa aibu. Mzazi alikuwa amelala usingizi akiamini mwanawe yuko mikononi mwangu, kumbe mimi ndiye niliyemfungulia mlango akatoka.

Haikuchukua muda kumpata. Alikuwa mtaa wa pili, kwenye kibanda cha gemu: chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, televisheni mbili, mabenchi matatu, feni moja, na vijana wanapokezana pedi kwa kulipia kila mchezo. Nilikwenda na maneno makali mdomoni. Nilipoingia nikaona juzuu yake imewekwa juu ya rafu, mahali pa juu kuliko kila kitu mle ndani, imefungwa vizuri katika mfuko. Yale maneno sikuyasema tena. Nilitoa salamu, nikakaa kwenye benchi, nikamwambia: “Haya mwanangu, nieleze huyo Ras al Ghul ni nani.”

Nilichokisikia kibandani

Alinieleza kwa muda wa nusu saa bila kusita. Nani ni nani, nani mtoto wa nani, nani alimsaliti nani, filamu ipi ilitangulia na ipi ilifuata, na katika gemu unampata wapi. Wenzake walimsahihisha pale alipoteleza, kama wanafunzi wanavyosahihishana wanaposikilizana sura waliyohifadhi.

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa kuhifadhisha. Nimezoea kulalamika kwamba watoto wa siku hizi hawana kumbukumbu. Pale kibandani nilithibitisha kuwa malalamiko yangu si ya kweli. Kumbukumbu wanayo, bali imekwenda kule ambako kuna mtu anayewasimulia hadithi yenye mwanzo, hatari na mwisho.

Nilirudi nyumbani nikaanza kujisomea. Mtu huyo anayeitwa Ras al Ghul alitokea kwa mara ya kwanza mwaka 1971 katika kitabu cha katuni cha Batman, kilichoandikwa na Dennis O'Neil na kuchorwa na Neal Adams. Mwaka 2005 akaingia kwenye filamu ya Batman Begins. Mwaka 2011 akaingia kwenye gemu ya Batman: Arkham City. Ni jina moja lililopita njia tatu, yaani kitabu, picha na mchezo, mpaka likamfikia mtoto wa Tandika. Kote huko yeye ni adui, mtu anayetaka kuangamiza sehemu kubwa ya wanadamu kwa madai ya kuiokoa dunia.

Jina lilikuwa letu

Sasa nifike kwenye jambo lililoniumiza zaidi. Jina hilo ni la Kiarabu, na maana yake ni kichwa cha zimwi. Wanafalaki wa Kiarabu waliita hivyo nyota moja, ambayo Wazungu mpaka leo wanaiita Algol. Na sisi Waswahili tulikuwa nalo jina hili zamani, kabla hata Batman hajabuniwa.

Upo utenzi mrefu wa Kiswahili uitwao Utenzi wa Rasi 'lGhuli, uliotungwa na Mgeni bin Faqihi katika karne ya 19. Una beti zaidi ya 4,000. Ulichapishwa hapa hapa Dar es Salaam na Tanzania Publishing House mwaka 1979, ukiwa umehaririwa na Leo Van Kessel. Rasi 'l-Ghuli humo ni mfalme dhalimu wa Yemen. Mwanamke mmoja anafika Madina kwa Mtume (s.a.w.) kulalamika juu ya watu wake waliouawa, na kutokana na malalamiko hayo jeshi linatoka, Sayyidna Ali (r.a.) akiwa ndiye shujaa wake mkuu.

Hebu rudi kwenye swali la yule kijana. Aliuliza kama Ras al Ghul ni Mwarabu na kama alikuwepo zama hizo, na aliuliza wakati namtaja Sayyidna Ali. Katika utenzi wa babu zetu majina hayo mawili yamo katika kisa kimoja. Mtoto alikuwa amegonga mlango wenyewe bila kujua, na aliyekuwa na ufunguo alimtoa nje akasimame juani. Kitabu hicho kilikuwepo nyumbani kwa babu yangu, na nimesikia kikisomwa nikiwa mdogo kuliko yeye.

Wapo watakaosema kuwa kisa hicho si sira iliyothibiti. Ni kweli, na ni lazima watoto waelezwe hivyo. Wanachuoni wametahadharisha zamani kuwa visa vingi vya vita vya aina hii ni ngano za wasimulizi. Lakini mtoto anayefundishwa kutofautisha ngano na habari iliyothibiti amepata elimu kubwa. Itamsaidia akisoma utenzi, akiangalia filamu, na akipokea habari kwenye simu.

Stelingi wa Dar es Salaam

Mapenzi ya mashujaa hayakuanza na simu. Rika letu tulisoma jarida la Sani, tukacheka na Ndumilakuwili, Lodilofa na Madenge. Kaka zetu walisoma riwaya za Elvis Musiba kuhusu mpelelezi Willy Gamba, kuanzia Kufa na Kupona ya mwaka 1974. Kisha vikaja vibanda vya video, Manzese, Tandale, Mbagala na kwingineko, ambako tuliangalia picha za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani, tukijua kwa yakini kuwa stelingi hafi.

Wengi wetu hatukujua Kiingereza wala Kichina. Aliyetuvusha ni msimulizi. Mashuhuri zaidi hapa mjini alikuwa Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye aliweka sauti yake ya Kiswahili juu ya kanda za filamu. Kenya walikuwa na DJ Afro. Msimulizi wa aina hii hakutafsiri maneno tu. Alieleza, alitania, alilaumu, alikuambia huyu usimwige. Sisemi kwamba yote yaliyosemwa au kuonyeshwa humo yalikuwa mema. Nasema kulikuwa na mtu mzima wa lugha yetu kati ya mtoto na ile picha.

Leo mtoto wa Mwananyamala au Mbagala akipata bando anamwangalia shujaa peke yake, usiku, na masikioni ana waya. Katuni, filamu na gemu vimeunganishwa ili akitoka kimoja aingie kingine. Kati yake na picha hakuna mtu.

Anayesimulia sasa ni nani?

Tusiwe wepesi kusema ni njama. Tuseme ni biashara, na biashara ina hesabu zake. Mwaka 1938 vijana wawili wa mji wa Cleveland, Marekani, Jerry Siegel na Joe Shuster, watoto wa Kiyahudi waliotoka familia za wahamiaji, waliuza haki ya Superman kwa dola 130. Superman akatajirisha kampuni, wao wakaingia mahakamani miaka na miaka. Mpaka mwaka 1975, wakiwa wazee wenye dhiki, ndipo kampuni ilipokubali kuwalipa pensheni ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na kurudisha majina yao kwenye kazi yao. Mwaka 2009 kampuni ya Disney ikanunua kampuni ya Marvel, yenye Spider-Man na wenzake, kwa dola zipatazo bilioni 4. Shujaa anayetetea wanyonge hakuweza kuwatetea waliomzaa.

Gemu nazo zina funzo lake. Mwaka 2004 ilitolewa gemu ya intaneti iitwayo City of Heroes, ambamo kila mchezaji alijitengenezea shujaa wake mwenyewe, jina lake, vazi lake na nguvu zake. Watu waliishi na mashujaa wao miaka minane. Tarehe 30 Novemba 2012 kampuni ikaizima, na mashujaa wale wakapotea pamoja nayo, mpaka mashabiki walipokuja kuifufua wenyewe miaka ya baadaye. Shujaa uliyemhifadhi kichwani, kama babu zetu walivyohifadhi tenzi, hakuna mtu mwenye swichi ya kumzima.

Wako Waislamu waliojaribu kujibu kwa kutengeneza mashujaa wao. Dk. Naif Al-Mutawa wa Kuwait alianzisha katuni za The 99 mwaka 2006, akitumia sifa zinazotokana na majina ya Mwenyezi Mungu. Wanachuoni wakapinga, na mwaka 2014 Saudi Arabia ikatoka fatwa ya kuzikataza. Marvel nao wakamleta Kamala Khan, msichana Mwislamu wa Marekani mwenye asili ya Pakistan, aliyepata kitabu chake mwaka 2014 na tamthilia mwaka 2022. Mimi sina ugomvi na wanaojaribu. Lakini vijana wangu wa Tandika hawana uhaba wa mashujaa. Walichokosa ni mtu wa kukaa nao kwenye benchi.

Mafunzo matatu

Kwanza, tusikimbilie kupiga marufuku kabla ya kuuliza. Kupiga marufuku bila kuweka kitu badala yake kunamfundisha mtoto kuficha tu. Wangu alijifunza kutoka nyumbani na juzuu na kuiweka rafuni kibandani. Fedha ya mzazi na muda wa sala viwekewe mipaka, lakini mipaka hiyo iwekwe na mtu anayejua kilichomo ndani.

Pili, tuwafundishe watoto kupima nguvu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwenye nguvu si mwenye kuangusha watu kwa mieleka, bali ni anayejizuia anapoghadhibika. Kwa kipimo hicho, siku ile darasani mwenye nguvu hakuwa mimi.

Tatu, tumkumbuke Fumo Liyongo, shujaa wa pwani yetu, ambaye Muhammad Kijumwa wa Lamu aliandika utenzi wake mwaka 1913. Liyongo hakupenywa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, kama Superman anavyodhoofishwa na jiwe. Maadui hawakuijua siri hiyo. Wakamwendea mwanawe wa kumzaa, wakamwahidi kumwoza binti wa mfalme. Mtoto akamuuliza baba, baba akasema, na mtoto akaitumia siri. Stelingi akafa, na mtoto hakupata alichoahidiwa. Wazee wetu walijua kuwa nyumba haianguki kwa adui wa nje tu. Huanguka pale mgeni anapokuwa na ahadi tamu kwa mtoto kuliko maneno ya baba.

Tulipofika

Nilimwomba radhi yule kijana mbele ya wenzake, kwa kuwa nilimdhalilisha mbele ya wenzake. Kwa mama yake nilikwenda pamoja naye, kila mmoja akasema kosa lake. Sasa Alhamisi usiku, baada ya Isha, tunasoma Rasi 'l-Ghuli beti chache chache barazani. Siwezi kusema wanajaa. Kukiwa na mpira wanabaki wanne. Yeye bado anakwenda kibandani Jumamosi, kwa ruhusa na kwa saa maalumu, na akirudi ananieleza alichokiona huko.

Alhamisi iliyopita aliniuliza tena: “Ustadh, sasa huyu wetu na yule wa Batman, yupi wa kweli?” Nikamwambia wote wawili wamesimuliwa na watu, na kazi yetu ni kujua nani anasimulia na anataka nini kwetu. Akafikiri kidogo, kisha akasema: “Basi endelea, Ustadh.”

Nami nikaendelea. Wabillahi tawfiq.